Jozi nne baharini: kuwaonjesha wageni wa meli wiski na bia

Kikao cha kuonja wiski na bia hupimwa kwa jozi ya nne, yaani wiski ya nne pamoja na bia inayoambatana nayo. Ya kwanza haishindwi kamwe: mgeni yuko likizoni, ametoka kula, pua yake ni safi, na chochote utakachompa atakisifu. Swali ni kama saa moja baadaye ulimi wake bado unatofautisha moshi na kahawa, au umebaki kuhisi ukali wa kileo tu. Karibu kila uamuzi unaoelezwa hapa, kuanzia kipimo cha glasi hadi chumba cha kukalia, una lengo moja: mgeni afike jozi ya nne akiwa bado anaonja. Na melini vipo vikwazo ambavyo baa ya nchi kavu haivijui.

Kipimo

Mimina mililita 15 za wiski na mililita 100 za bia kwa kila jozi. Bia ikizidi asilimia 7, shusha hadi mililita 75. Huonekana ubahili mpaka upige hesabu. Chukua jozi nne nitakazozieleza baadaye: wiski zake zina alkoholi asilimia 40, 45, 43 na 43, na bia zake asilimia 5.4, 5.4, 7.9 na 7.5. Ukijumlisha unapata takriban mililita 48 za alkoholi tupu, yaani gramu 38 hivi. Marekani huhesabu kinywaji kimoja cha kawaida kuwa gramu 14, kwa hiyo mgeni amekunywa vinywaji karibu vitatu. Uingereza huhesabu kwa yuniti za mililita 10, na hapo ni karibu yuniti tano. Hicho si kiasi kidogo. Sasa mwache mhudumu amimine kwa mazoea ya baa, mililita 30 za wiski na 150 za bia, uone jumla inavyoruka hadi mililita 90 za alkoholi, yaani vinywaji vitano hivi vya Kimarekani. Kwa kipimo hicho hakuna anayeionja jozi ya nne; inamezwa tu.

Kwa hiyo usimimine kwa jicho. Tumia kipimo cha chuma chenye alama ya mililita 15, na kwa bia weka glasi moja ya mfano iliyotiwa mililita 100 za maji mbele ya wahudumu ili waone kimo kinapoishia.

Kwa wageni 24, ambayo ndiyo idadi ya juu ninayoiona inafaa kwa mwenyeji mmoja na wahudumu wawili, wiski ni rahisi: mililita 360 kwa kila aina, chupa moja ya mililita 700 inatosha na kubaki. Hata hivyo panda na chupa ya pili ya kila aina ikiwa imefungwa, kwa sababu kizibo kinaweza kukatika au chupa ikaanguka, na baharini hakuna duka la kukimbilia. Bia ndiyo inayohitaji umakini. Chupa ya mililita 500 haitoi glasi tano za mililita 100 ikiwa bia ina povu jingi. Bia ya ngano hesabu glasi nne kwa chupa, yaani chupa sita na moja ya akiba. Porta, bia nyeusi ya Kiingereza, hutoa tano, basi chupa tano na moja ya akiba. Bia nzito inayomiminwa kwa mililita 75 hutoa sita kwa chupa ya mililita 500, au nne kwa chupa ya 330. Pipa la bia liache baani. Kwa lita mbili na nusu halifai, na mipira yake humwaga povu zaidi ya bia ikiwa haijapoa vizuri.

Bia zikishafika, zisimamishe wima kwenye friji kwa saa 24 kabla ya kikao. Safari ya toroli kutoka ghala la chini, lifti za mizigo na mtetemo wa injini huzitikisa, na bia iliyotikiswa hufunguka kwa hasira. Pia masimbi ya hamira, yaani mashapo ya chupa, yanahitaji muda huo kutua.

Siku, saa na chumba

Chagua siku ambayo meli iko safarini mchana kutwa. Siku ya kupanda meli haifai: sheria za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka zoezi la usalama la abiria lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka, wageni wanatafuta kabini na mizigo, na nusu yao watachelewa. Siku ya bandarini nayo ina matatizo yake, kwa kuwa kwenye baadhi ya bandari maofisa wa forodha huzifunga kwa lakiri ghala za vinywaji visivyolipiwa ushuru, na usichokuwa umekitoa mapema hutakipata.

Saa nzuri ni saa nane na nusu mchana. Chakula cha mchana kimekwisha kuliwa, tumbo halina njaa, na wageni hawajaanza vinywaji vya jioni. Panga dakika 75: kumi za kufungua, kumi na mbili hadi kumi na tano kwa kila jozi, zinazobaki za maswali. Kwenye tiketi andika wazi kwamba saa ni ya meli. Meli inayovuka majira hubadilisha saa zake, wakati mwingine mchana mchana, na simu ya mgeni inaweza kuwa nyuma au mbele kwa saa nzima. Andika pia kama bei imo ndani ya kifurushi cha vinywaji alichonunua. Mara nyingi vikao vya kuonja havimo, na ni afadhali alijue hilo wakati wa kuandikisha kuliko wakati wa kusaini.

Chumba kiwe katikati ya meli na sitaha ya chini kadiri inavyowezekana. Meli ikipanda na kushuka kwa mawimbi, omo (mbele) na tezi (nyuma) ndizo zinazobeba mwendo mkubwa, na kadiri unavyopanda juu ndivyo mrama unavyozidi kuhisika. Ukumbi wa kioo kule omoni, sitaha ya juu kabisa, una mandhari ya kuvutia, lakini ndipo watu wanapoanza kushika tumbo. Tezini kuna mtetemo wa mitambo.

Sitaha ya wazi nayo iache, hata kama bahari ni shwari na picha zitatoka vizuri. Upepo huiba harufu ya wiski kabla haijafika puani. Jua nalo huiharibu bia: mwanga unapopiga viambato vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hutokea kiambato chenye salfa kinachonuka kama kicheche, na katika glasi angavu juani hilo huchukua dakika chache tu. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ila ukishamimina, kinga imekwisha.

Mwisho, simama ndani ya chumba dakika mbili unuse. Kama jiko la meli linapuliza harufu ya vitunguu kupitia tundu la hewa, au saluni na bwawa viko ukuta wa pili, tafuta chumba kingine.

Mikono, maji, glasi

Hapa ndipo vikao vingi vya melini vinapoharibikia, na sababu huwa haionekani.

Kwanza ni dawa ya mikono. Mlangoni mwa kila ukumbi wa meli kuna mashine au mhudumu anayewapulizia wageni dawa ya kuua vijidudu, nayo kwa sehemu kubwa ni alkoholi yenye manukato. Mgeni anapokea, anakaa, anainua glasi hadi puani, na anachonusa ni kiganja chake. Usifute utaratibu huo wa afya, uhamishe. Waelekeze wageni wanawe kwa sabuni na maji kwenye sinki, na sabuni iwe isiyo na harufu. Kwa ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoziandama meli, sabuni na maji hufanya kazi vizuri kuliko dawa ya alkoholi. Palipo na dawa tu, ipakwe dakika tano kabla ya glasi ya kwanza, nawe utumie dakika hizo kufungua kikao.

Pili ni maji. Maji ya bomba ya meli hutokana na bahari iliyosafishwa chumvi au hupakiwa bandarini, kisha hutiwa klorini. Ni salama kunywa. Lakini klorini ikikutana na fenoli, viambato vya moshi vilivyomo kwenye wiski ya moshi, hutoa ladha ya dawa ya hospitali, na mgeni ataamini kuwa wiski yenyewe ndiyo mbaya. Tumia maji ya chupa yasiyo na gesi na yenye madini machache, kwa kunywa na kwa kuongezea kwenye wiski. Hata glasi zilizotoka kwenye mashine zisuuzwe na maji hayo kwa mara ya mwisho.

Maji hayo ya kuongezea si mapambo. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guaiakoli, mojawapo ya molekuli zinazoipa wiski harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kimiminika pale alkoholi inapokuwa asilimia 45 au chini yake, na huzama ndani pale inapopita asilimia 59. Ndiyo maana matone machache hufungua wiski kali. Kwa mililita 15 za asilimia 43, nusu kijiko cha chai kinatosha kabisa. Mpe kila mgeni mrija mfupi wa kudondoshea, si jagi; jagi likipitishwa mkono kwa mkono humwaga mno, na pia hubeba vijidudu.

Tatu ni glasi. Ya wiski iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, mfano wa Glencairn. Ya bia iwe ndogo, ya mililita 200 hivi, yenye mdomo uliobana kidogo pia. Mashine za kuoshea melini hutumia kimiminika cha kukaushia kinachoacha utando usioonekana, na utando huo huua povu la bia. Jaribu glasi moja: ilowanishe kwa maji na uitazame. Maji yakitelemka kama shuka moja, glasi ni safi. Yakikatika kuwa matone matone, ina mafuta. Glasi yenye joto la mashine usiitumie, bia itageuka povu.

Huhitaji glasi nane kwa kila mgeni. Nne za wiski na mbili za bia zinazosuuzwa kwa zamu zinatosha, jumla 144 kwa wageni 24.

Jozi zenyewe

Wiski na bia ni ndugu wa tumbo moja. Wiski ya kimea huanza kama bia isiyo na hopsi: shayiri iliyochipushwa na kukaushwa, maji ya moto, hamira, kisha kimiminika chenye alkoholi asilimia 8 hivi kinachokenekwa mara mbili kwenye mitambo ya shaba na kulazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Waskoti huziita kwa pamoja "hauf an' a hauf", wiski kidogo na bia kidogo ubavuni. Waambie wageni hilo mwanzoni, maana likiwakaa, mengine yote wanayaona wenyewe: unachotafuta ni sehemu ambayo ndugu hawa bado wanafanana, na sehemu ambayo mmoja anamfunika mwenzake.

Uzito ndio sheria ya kwanza. Bia nyepesi mbele ya wiski nzito hugeuka maji. Sheria ya pili ni uchungu. Alkoholi huamsha kipokezi kilekile cha mwili kinachohisi pilipili, na mwaloni unaleta ukakasi; ukiongeza juu yake bia yenye hopsi nyingi, uchungu, ukakasi na kuwasha vinapandana. Kwa hiyo IPA kali, bia ya aina hiyo ya hopsi nyingi, na bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi) ya asilimia 50, jozi ambayo watu huipanga kwa kuwa vyote viwili vinapendwa, ndiyo inayofunga ulimi kwa dakika kumi zinazofuata. Ukitaka IPA lazima, mpe wiski ya rai, nafaka jamaa ya ngano, na iwe IPA isiyo chungu sana. Sheria ya tatu ni gesi. Gesi huosha kaakaa, lakini ikizidi nayo huchoma.

Jozi ya kwanza: Glenfiddich ya miaka 12 (asilimia 40) na Weihenstephaner Hefeweissbier (asilimia 5.4), bia ikiwa nyuzijoto 6 hadi 8. Wiski hii ya Speyside, Uskoti, ina harufu ya peasi na tufaha bichi. Hamira ya bia ya ngano ya Bavaria hutoa kiambato kinachonuka ndizi mbivu na kingine kinachonuka karafuu. Matunda yanakutana na matunda, hopsi ni chache, hakuna kinachogombana, na mgeni asiyewahi kunusa glasi kwa makini anapata kitu cha kutaja kwa jina. Hatari ni mbili. Bia ikitoka friji ya nyuzijoto 3 na kumiminwa papo hapo, ndizi haisikiki. Pia masimbi yakibaki chini, glasi ya kwanza hutoka angavu na ya nne nzito kama uji. Fungua chupa mbili mbili, zimimine zote ndani ya jagi baridi pamoja na masimbi yake, kisha gawa kutoka hapo. Povu litapungua kidogo, lakini kila mgeni ataonja bia ileile.

Jozi ya pili ni Maker's Mark (asilimia 45) na Fuller's London Porter (asilimia 5.4), nyuzijoto 10 hadi 12. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 na ilazwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani. Mwaloni huo ndio chanzo cha vanila na ile harufu ya nazi. Maker's Mark hutumia ngano mahali pa rai, kwa hiyo haina ukali wa pilipili manga unaokuja na rai. Porta inaleta chokoleti chungu na sukari iliyoungua. Mgeni akinywa bia, kisha wiski, kisha bia tena, bia ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza ingawa ni ileile. Mwambie alitazamie hilo. Ndiyo sehemu ambayo chumba huanza kuzungumza.

Kwangu mimi jozi ya tatu ndiyo iliyo bora kuliko zote: GlenDronach ya miaka 12 (asilimia 43) na Paulaner Salvator (asilimia 7.9), nyuzijoto 8 hadi 10, mililita 75 tu. Wiski imelala kwenye mapipa yaliyobeba sheri, divai kali ya Hispania, za aina ya oloroso na Pedro Ximénez, nayo imejaa zabibu kavu, tini na ganda la chungwa. Salvator ni bia ya aina ya doppelbock ya Munich, kimea kizito, ganda la mkate, sukari nyeusi. Vyote ni vitamu na vizito, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu bila kitu cha kukata utamu, mgeni anachoka katikati. Kipande cha gramu 10 cha jibini gumu lenye chumvi kati ya bia na wiski kinatosha kuurudisha ulimi. Jibini laini halifai. Mafuta yake yanafunika ulimi.

Jozi ya nne ni Lagavulin ya miaka 16 (asilimia 43) na Guinness Foreign Extra Stout (asilimia 7.5), mililita 75, nyuzijoto 11 hadi 13. Shayiri ya Lagavulin hukaushwa kwa moshi wa peti, ule udongo wa kinamasi unaokatwa na kuanikwa Uskoti, na moshi huo ndio unaoacha harufu ya moto, mwani na dawa ya vidonda. Stauti hii, bia nyeusi nzito, hutumia shayiri iliyokaangwa bila kuchipushwa, kwa hiyo ina uchungu wa kahawa nyeusi. Stauti nyepesi ya pipa yenye nitrojeni ni laini mno, wiski inaimeza. Ile ya chupa yenye asilimia 7.5 inasimama. Kuna anayefikiri kwamba bia ya moshi ya Bamberg ingefaa zaidi, moshi kwa moshi. Haifai. Pua huzoea harufu inayorudiwa, na baada ya mafunda mawili huusikii moshi wa wiski wala wa bia.

Moshi uje mwisho daima, hata kama wiski nyingine ina alkoholi zaidi. Fenoli hung'ang'ania kinywani, na chochote kinachofuata kitakuwa na ladha ya majivu. Wapo wageni ambao hawatauvumilia kabisa. Wawekee Redbreast ya miaka 12 (asilimia 40), wiski ya Ayalandi ya shayiri iliyochipushwa na isiyochipushwa, iliyokenekwa mara tatu. Nayo inakaa vizuri na stauti hiyohiyo.

Meli isipokuwa na chupa hizi, badilisha kwa aina, si kwa umaarufu wa jina: wiski nyepesi ya matunda, bourbon laini, wiski ya pipa la sheri, wiski ya moshi. Ila onja jozi mpya siku moja kabla, kwa joto lilelile na glasi zilezile.

Namna ya kuwaonjesha

Wiski imiminwe dakika 20 kabla, kila glasi ikifunikwa na kipande cha karatasi ngumu, la sivyo chumba kizima kitanuka Lagavulin kabla ya jozi ya kwanza. Bia imiminwe wakati wa jozi yake tu. Bia nyeusi zitoe friji mapema, nusu saa hivi, na upime kwa kipimajoto badala ya kukisia.

Mgeni anuse wiski kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo ili alkoholi isimchome puani. Kisha bia, funda moja, aimeze na asubiri hesabu ya tano. Halafu wiski, kiasi cha kulowanisha ulimi, aizungushe na kuimeza polepole. Kisha bia tena. Baada ya hapo ndipo aongeze matone ya maji kwenye wiski na kurudia. Bia inatangulia kwa sababu ni dhaifu: wiski ikianza, joto lake linaufunika ulimi na funda la kwanza la bia linapotea.

Atakuwepo anayetaka kuimeza wiski kwa mkupuo na kuisukuma kwa bia. Usimkemee mbele ya watu. Mwombe jozi hii moja aifanye polepole, na uendelee. Barafu usiiweke mezani kabisa, ikiwepo itatumika.

Kila mgeni awe na sahani yake ya biskuti kavu zisizo na viungo na jibini lake. Bakuli la karanga la kushirikiana lina matatizo mawili, mikono na mzio. Weka pia chombo cha kumwagia mabaki kwa kila wageni wanne, na useme mwanzoni, bila kuona haya, kwamba kumwaga ni sehemu ya kazi.

Bahari ikichafuka

Uliza daraja la nahodha asubuhi hali itakavyokuwa saa nane. Meli ikianza kwenda mrama, lowesha vitambaa vya meza, vikamue na uvitandike vikiwa na unyevu; glasi haiteleze juu ya kitambaa kibichi. Trei ziwe na mpira chini. Wiski usiimimine yote mapema, toa glasi moja moja kwa kila jozi. Bia isizidi nusu ya glasi. Mhudumu asimame miguu ikiwa imeachana, amimine juu ya trei na si juu ya mapaja ya mgeni, na asubiri meli irudi katikati kabla ya kumimina.

Mtu wa tatu akiomba kutoka kwa sababu ya kichefuchefu, funga kikao na uhamishie siku nyingine.

Watu

Umri kagua kwa kadi ya meli, si kwa sura. Meli nyingi zinazosafiri kutoka Marekani huweka miaka 21, nyingi za Ulaya 18, na kanuni ya kampuni ndiyo inayotawala.

Kisha dawa za kichefuchefu cha baharini. Vidonge vya meklizini na dimenhidrineti, na plasta ya skopolamini inayobandikwa nyuma ya sikio, vyote huleta usingizi, na kileo huuzidisha. Siku za mawimbi huenda robo ya chumba wametumia kimojawapo bila kukuambia. Sema kwa wote kwa pamoja kabla ya glasi ya kwanza, ili asionekane mtu mmoja: aliyetumia dawa hizi anuse tu, asinywe. Mwenye mzio wa gluteni aachane na bia zote nne. Wiski yenyewe, ikiwa imekenekwa bila kuongezwa chochote baadaye, protini za nafaka hubaki nyuma kwenye mtambo.

Mwenyeji hanywi. Kanuni za STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia, zinaweka kikomo cha asilimia 0.05 ya alkoholi kwenye damu kwa mabaharia wenye majukumu ya usalama, na kampuni nyingi zimeshusha zaidi ya hapo. Mwenyeji naye ana kituo chake cha dharura, king'ora kikilia. Ananusa, anatema, anaeleza.

Wakimaliza, wape wageni dakika kumi wakiwa wameketi na maji, hasa kama njia ya kutokea ina ngazi. Chupa za wiski zilizofunguliwa zifungwe vizuri, ziandikwe tarehe na zisimamishwe wima mahali penye giza. Zitafaa kwa vikao vya safari nzima. Bia iliyobaki imwagwe. Lakini kabla glasi hazijaenda kuoshwa, zipange zile za jozi ya nne na uhesabu ngapi zimebaki na kitu ndani. Mbili au tatu ni za wasiopenda moshi. Zikifika kumi, rudi kwenye kipimo cha jozi ya pili na ya tatu, kwa sababu huko ndiko mkono wa mhudumu ulikozidisha.